Pansi za Lushoto: tuta moja na vyungu sita

Machi 22. Nimeanza upya kuotesha pansi, maua mafupi ya bustani. Trei ya kwanza, niliyoisia mbegu 60 na kuiweka chini ya bati la jiko la nje nikidhani joto lingeharakisha uotaji, imetoa miche 9 tu. Saa nane mchana kipimajoto kilionyesha nyuzi 29, ilhali mbegu za pansi, tofauti na za nyanya, hugoma kuota joto likipita nyuzi 25 hivi. Safari hii nimezifukia milimita 3, nikaifunika trei kwa karatasi nyeusi kwa sababu hupenda giza, na kuiweka kwenye sakafu ya stoo, ambako joto halizidi nyuzi 20.

Aprili 5. Imeota miche 47. Karatasi niliiondoa mara tu ya kwanza ilipochomoza, kwani miche ikikawia gizani hurefuka na kulegea.

Aprili 19. Kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaoozesha shina la mche, kimeangusha miche 11 kwa siku mbili. Kosa ni langu: nilimwagilia jioni katikati ya masika, udongo ukalala na maji. Sasa ninamwagilia asubuhi tu, kwa kuiketisha trei ndani ya beseni inyonye maji kutoka chini.

Mei 17. Miche 18 imeingia tutani, kwa nafasi ya sentimita 18, na 18 mingine vyunguni, mitatu kila chungu. Mama mkwe aliniletea ndoo ya majivu. Kwa kuwa pansi hutaka udongo wenye uchachu kidogo, na majivu huupunguza uchachu huo, nilimshukuru nikayapeleka kwenye migomba.

Julai 9. Vyungu vimetangulia kuchanua kwa siku sita, lakini nilikuwa nimevipanga kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri, na kila saa tisa majani yalinyong'onyea hata udongo ulipokuwa na unyevu. Nimevihamishia upande wa mashariki, chini ya mparachichi. Tutani hakuna shida hiyo. Huko adui ni konokono, ambao ninawaokota usiku kwa tochi kabla hawajatoboa petali.

Agosti 23. Vyungu hudai maji kila siku, tuta kila baada ya siku tatu. Maua yaliyonyauka ninayakata pamoja na kikonyo, yasifunge mbegu na kupunguza uchanuaji. Chungu cha sita tu, chenye maua ya manjano, nimekiacha kifunge. Mbegu nilizonunua ni chotara, kwa hiyo sitarajii rangi ileile mwakani.