Mpiga picha msumbufu akiwa ndiye mwenye kamera

Katika filamu za wanafunzi hapa Kampala, anayesumbua mara nyingi ndiye mwenye vifaa. Kwetu ilikuwa hivyo. Mpiga picha alikuwa na jicho zuri sana, ila alichelewa, alibishana na mwongozaji mbele ya waigizaji, na kadi zenye picha alikwenda nazo nyumbani. Nikiwa mtayarishaji, nilijua kwamba tukimfukuza tunapoteza kamera, lenzi na kazi yote iliyokwisha kupigwa. Naye alilijua hilo.

Nilianza kwa kumtenganisha mtu na vifaa. Tuliandika karatasi moja: filamu inakodi kamera kwa ada ndogo, kikivunjika kitu analipa fulani, na picha zote ni mali ya kikundi. Ada ni ya lazima hata ikiwa kidogo, kwa sababu kamera ya bure humfanya mwenyewe aone anawafadhili, na mfadhili haambiwi awahi. Karatasi hiyo isainiwe na kikundi kizima. Akisaini peke yake ataiona hati ya mashtaka.

Kisha kadi. Kamera ikirekodi megabiti 100 kwa sekunde, kadi ya GB 64 hujaa kwa kama saa moja na dakika 25, kwa hiyo lazima zibadilishwe mchana. Hapo ndipo unapoweka mtunza kadi bila kumtuhumu mtu. Kadi iliyojaa inabandikwa utepe mwekundu, inanakiliwa kwenye diski mbili, na diski hizo zinaondoka na watu wawili tofauti. Kadi haifutwi mpaka faili zimefunguliwa na kutazamwa mwanzo, katikati na mwisho, maana kunakili hukatika umeme ukizimika, na jina la faili hubaki likionekana zima. Mrekodi sauti naye afuate utaratibu huohuo.

Kuhusu kuchelewa, nilimwita pembeni, tukazungumza ana kwa ana. WhatsApp ya kikundi haifai kabisa kwa jambo hili: kila mtu anasoma, naye analazimika kujitetea mbele ya hadhira. Nilitaja tukio moja tu na hasara yake: “Kaka, jana ulifika saa 4 badala ya saa 2. Tukasogeza shoti za ndani mchana, mvua ikapiga bati, sauti yote ikaharibika.” Halafu nikanyamaza. Akasema anatoka Mukono na begi na stendi ya kamera, teksi zinakwama Kireka, na orodha ya shoti huwa anaonyeshwa akiwa tayari kwenye seti. Yote mawili yalikuwa na dawa. Vifaa vikalala kwa mwenzetu aliye karibu na lokesheni, na orodha akapelekewa jioni ya siku iliyotangulia.

Dawa isitegemee ahadi, lakini. Tulimfundisha msaidizi wake kuandaa kamera: fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) sekunde 1/50 (umeme wetu ni wa hezi 50, ukiweka vingine baadhi ya taa zinaweza kupepesa kwenye picha), rangi nyeupe ipimwe kwa karatasi chini ya taa yenyewe. Mwenyewe akichelewa nusu saa, shoti ya kwanza inapigwa. Kwa shoti za machweo hakuna nafasi ya kungoja: hapa jua huzama kati ya saa 12:35 na saa 1:10 jioni mwaka mzima, tena linashuka wima, giza linaingia upesi.

Ubishi ulihitaji mpaka. Maoni juu ya fremu yatolewe wakati wa mazoezi ya tukio, waigizaji wakiwa bado hawajajiweka tayari. Mwongozaji akishasema “tayari”, neno lake ndilo la mwisho. Kwa kubadilishana, teki (upigaji mmoja wa shoti) ikikubalika, mpiga picha anapewa moja ya kwake, apige anavyoona. Inakula dakika chache tu, na kwenye uhariri zilitumika kadhaa kwa sababu zilikuwa bora kweli.

Mhadhiri tulimweka akiba. Ukimfuata, nenda na tarehe, saa na shoti zilizokosekana, na umwambie mhusika kwanza kwamba unakwenda. Malalamiko ya “ana kiburi” hayampi mhadhiri kitu cha kuamua.