Rula Niliyokwenda Nayo Sinema

Bango la filamu ya Kihindi, *Sholay*, lilibandikwa kwenye ukuta wa sinema siku ya Jumatano, na kufikia Jumamosi watoto wa Ng'ambo, mtaa wetu mjini Tabora, tulikuwa tumelikariri lote. Ilikuwa 1977, nami nilikuwa darasa la sita. Chini kabisa, kwa herufi nene, paliandikwa 70 mm. Wenzangu walibishana: wengine walisema ni idadi ya majambazi, wengine ni umri unaoruhusiwa. Mimi nilikuwa na rula. Milimita sabini ni sentimita saba, na sentimita saba ndio ulikuwa upana wa kiganja changu. Mkanda wa filamu wenye upana wa kiganja! Nililala na picha hiyo kichwani.

Aliyekuwa akiendesha mashine za sinema tulimwita Fundi. Alikuwa mseja, na mama yangu ndiye aliyekuwa akimpikia chakula cha jioni kwa malipo ya mwisho wa mwezi. Mbeba chakula nilikuwa mimi. Jioni ile nilibeba ugali na uyoga, maana mvua zilikuwa zimekolea na uyoga ulijaa sokoni, na ndani ya shati nilificha rula.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Weka hapo, mbali na makopo."

Makopo yalikuwa yamefika asubuhi kwa treni kutoka Dar es Salaam. Yalipangwa sakafuni, ya bati, yamebonyea pembeni kwa kushushwa stesheni nyingi. Chumba kilikuwa chembamba na chenye joto, kina mashine mbili zilizotazama matundu mawili ukutani. Ndani ya kila mashine vijiti viwili vya kaboni viliwaka ncha kwa ncha, mwanga wake mkali kama wa mchomea vyuma. Mikono ya Fundi ilikuwa na madoa meusi ambayo sabuni haikuyatoa.

Nilimwomba nipime mkanda. Hakucheka. Alifungua kopo, akavuta mkanda kiasi cha mkono mmoja, akaushika kingo kwa ncha za vidole ili asiuchafue, akanisogezea. Niliweka rula. Sentimita tatu na nusu.

Nikapima tena. Tatu na nusu.

"Bango limesema sabini," nikasema, na sauti ilinikatika.

"Bango limetoka India na maneno yake," alijibu. "Mashine hizi meno yake ni ya thelathini na tano. Hata wangetuletea huo wa sabini, ningeuvisha wapi?"

Mpaka leo naona wenye sinema ile walipaswa kuyafuta maandishi yale. Watu walilipa kiingilio kwa kuyaamini. Fundi hakuwa na mamlaka juu ya bango, lakini mkanda alikuwa nao, na hakunificha.

Akanieleza huku akila, na mengine nimeyajazia mwenyewe kwa miaka niliyotumia kuyafuatilia. Mkanda mpana ulishika kasi 1955, pale filamu ya *Oklahoma!* ilipoonyeshwa katika sinema ya Rivoli, New York, kwa mtindo ulioitwa Todd-AO. Kamera zake zilitumia mkanda wa milimita 65. Nakala ya kuonyeshea ikaongezwa milimita tano, ili pembeni ya matobo yanayoshikwa na meno ya mashine pakae mistari ya sauti ya sumaku. Mistari ilikuwa sita: mitano kwa spika za nyuma ya pazia, mmoja kwa spika za ukumbini. Picha moja ya mkanda huo ina eneo karibu mara tatu ya ile ya kwetu, kwa hiyo inapokuzwa ukutani haichujuki. Lakini nakala ilikuwa ghali, mashine ghali, na vikuza sauti vyake ghali. Ulikuwa mkanda wa kumbi kubwa za miji mikubwa.

Kilichonishangaza nilikijua nikiwa mtu mzima. *Sholay* yenyewe haikupigwa kwa kamera za mkanda mpana. Ilipigwa kwa mkanda wa 35, kisha ikakuzwa kwenda 70, na ili picha ienee umbo lile refu la ubavuni, ilibidi juu na chini pakatwe. Mkanda niliopima kwa rula ulikuwa na upana uleule wa ule uliopita ndani ya kamera, kule India, kwenye miamba na vumbi la Karnataka. Nilipolisoma hilo nilitamani kukimbia kumwambia Fundi. Alikwisha kufariki.

Lakini jioni ile sikuyajua hayo. Nilikuwa na donge kooni, na nadhani aliliona. Alinawa mikono, akaifuta kwa makini, akanisimamisha kwenye tundu la mashine ya pili.

"Picha hii ina zaidi ya saa tatu. Mkanda wake ukiunyoosha unapita kilomita tano. Hauingii kwenye mashine moja, kwa hiyo nabadilisha. Tazama kona ya juu, kulia. Itatokea nukta. Nukta ya kwanza, nawasha mota. Hesabu kama saba. Nukta ya pili, unaniambia."

Chini ukumbi ulikuwa umejaa pomoni, na mvua ilipiga bati hata maneno ya Kihindi hayakusikika, wala hakuna aliyejali. Treni ya kwenye picha ilikuwa ikikimbia, majambazi wako juu ya farasi, na nusu ya waliokaa pale walikuwa watu wa reli. Walipiga kelele kana kwamba dereva anawasikia. Sikuwatazama farasi. Nilitazama kona.

Nukta ikatokea, ndogo kama punje ya mtama. Nyuma yangu mota ikaanza kunguruma. Moja, mbili, tatu. Nilihesabu kwa midomo tu.

"Sasa!"

Akavuta wenzo. Mwanga ukahama kutoka tundu lile kuja hili nililosimama kando yake, na ukumbini hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo.