Kinasa rada na tochi za barabarani: fedha yako inanunua nini?

Ndugu na marafiki wanaoendesha magari kati ya Dar es Salaam na mikoani huniuliza mara kwa mara kama inafaa kununua kinasa rada, kile kifaa kidogo cha kubandika kwenye kioo cha mbele, ambacho huuzwa mtandaoni kwa ahadi kwamba kitampigia dereva mlio kabla hajapigwa tochi, yaani kabla askari hajampima mwendo. Jibu langu ni kwamba hakifai kwa barabara zetu, na nitaeleza sababu zake kwa kirefu. Hata hivyo sitaki kumkemea anayeuliza, kwa kuwa najua malalamiko yaliyomfikisha kwenye swali hilo. Mtu anayesafiri kutoka Chalinze kwenda Morogoro hukuta kibao cha 50, yaani kilomita 50 kwa saa, akapunguza mwendo, akapita nyumba na maduka, kisha akaendelea kilomita nzima yenye mashamba matupu bila kuona kibao cheupe cha 50 iliyokatwa mistari, ambacho ndicho humwambia kwamba sasa anaruhusiwa kuongeza. Huenda kibao hicho kiligongwa na lori, huenda kimefunikwa na matete, yeye hajui. Anakanyaga mafuta, na mbele ya kona anamkuta askari amesimama kivulini. Dereva aliyepatwa na jambo hilo haoni kwamba amekosa, huona kwamba amewindwa, na ni kawaida mtu anayehisi kuwindwa kutafuta kifaa cha kumwonya.

Tuanze na kifaa chenyewe. Rada ya kupima mwendo hurusha mawimbi ya redio kuelekea gari, na mawimbi yanaporudi huwa yamebadilika masafa, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, kulingana na kasi ya gari hilo, jambo ambalo Christian Doppler alilieleza mwaka 1842. Kwa rada ya gigahezi 24.150, gari linaloijia moja kwa moja kwa kilomita 80 kwa saa hubadilisha masafa kwa takriban hezi 3,580, na mashine huigeuza tofauti hiyo kuwa mwendo. Kinasa rada hakirushi chochote. Ni redio inayosikiliza masafa yale tu ambayo rada hutumia, na kinamtangulia askari kwa sababu moja ya msingi: mawimbi yanayokifikia yamesafiri njia moja, ilhali yanayomrudia askari yamesafiri kwenda na kurudi, na mengi yametawanyika njiani. Kwa hiyo kinasa kinaweza kusikia rada ikiwa mbali kuliko umbali ambao rada yenyewe inaweza kulisoma gari. Hapo ndipo ilipo faida yake yote.

Faida hiyo ilikuwa kubwa kweli katika mazingira yaliyokizaa. Mwaka 1974 Marekani iliweka ukomo wa taifa wa maili 55 kwa saa, yaani kilomita 89 hivi, wakati wa shida ya mafuta, na madereva wa masafa marefu walivinunua vinasa rada kwa wingi kwa sababu polisi walikuwa wakitumia rada karibu kila mahali. Hadi leo vinaruhusiwa kwa magari ya watu binafsi katika majimbo mengi ya nchi hiyo, isipokuwa Virginia na jiji la Washington, ingawa magari makubwa ya biashara yanayovuka majimbo yalikatazwa kuvitumia tangu mwaka 1994. Mtu anayesoma sifa za vifaa hivi kwenye intaneti kwa kawaida anasoma sifa zilizoandikwa na watu wa barabara zile.

Kwetu hali ni tofauti, na tofauti hiyo huanzia mkononi mwa askari. Tochi inayoinuliwa usawa wa jicho, ikalengwa kwenye gari moja kati ya matatu yanayofuatana, na kumpa askari picha ya gari hilo pamoja na mwendo wake, ni tochi ya leza. Leza ni mwale mwembamba wa mwanga, na haitawanyiki kama mawimbi ya rada. Ikiwa umbali wa mita 300, upana wa mwale wake hukaribia mita moja tu, kiasi cha kuweza kulengwa kwenye kibao cha namba au taa ya mbele, na mashine hupima mabadiliko ya umbali kwa mapigo mengi ya mwanga na kutoa jibu katika muda usiofika hata nusu sekunde. Gari lililo nyuma yako halipati kitu, wala wewe hupati kitu wakati mwale uko kwa mwenzako wa mbele. Kinasa chako, hata kama kina jicho la kutambua leza, hulia pale mwale unapokifikia, na mwale unapokifikia mwendo wako umeshasomwa. Ni kengele inayolia mwizi akiwa ameshatoka getini na mzigo.

Jambo la pili ni kelele. Binamu yangu aliporudi kutoka Marekani alikuja na kinasa cha bei ya wastani, akakifunga kwenye gari lake, nami nikakaa naye mbele siku tulipokwenda kununua vifaa vya ujenzi. Kililia tulipokaribia duka kubwa lenye milango inayojifungua yenyewe, kwa kuwa vitambuzi vingi vya milango hiyo hutumia masafa yaleyale ya gigahezi 24. Kililia tena tulipopitwa na gari jipya lenye vitambuzi vya pembeni, vile vinavyomwonya dereva kwamba kuna chombo asichokiona kwenye vioo, kwani vingi kati ya hivyo navyo ni rada ndogo za masafa hayohayo. Tulipita askari wawili barabarani, mmoja akiwa na tochi mkononi, na kifaa kilinyamaza kabisa. Kabla hatujarudi nyumbani, binamu yangu alikuwa ameshaacha kukisikiliza, na sioni ni nini kingine angeweza kufanya.

Sasa tuangalie hesabu. Faini ya kosa moja la mwendo hapa Tanzania ni shilingi 30,000. Vinasa vinavyosifiwa sana huuzwa dola mia kadhaa. Tukichukua dola 300 tu, na tukibadilisha kila dola kwa shilingi 2,500, tunapata shilingi 750,000, sawa na faini 25, bila kuhesabu usafirishaji na ushuru. Dereva anayepata faini 25 hana tatizo ambalo kifaa kitamtatulia. Kwa fedha hiyo hiyo gari dogo hupata tairi nzuri, na tairi, tofauti na kinasa, hubadilisha umbali ambao gari linahitaji ili lisimame.

Wapo watakaosema kwamba hatuhitaji hata hicho kinasa, kwa sababu tunacho chetu: dereva anayetoka mbele akikuwashia taa mara mbili mchana kweupe unaelewa kwamba kuna trafiki, na makundi ya WhatsApp ya madereva hutangaza tochi zilipo tangu asubuhi. Programu kama Waze, ambayo Google iliinunua mwaka 2013, hufanya kazi hiyohiyo kwa mpango zaidi. Nakiri kwamba taa za wenzetu hushinda kifaa chochote cha dukani, maana haziulizi kama askari ana rada au leza. Lakini nimeziangalia kwa muda mrefu na sizipendi. Dereva akishawashiwa hupunguza hadi 45, humpita askari kwa adabu, na akishapita hurudi 110 kabla hajamaliza kijiji. Vilevile taa hizo humwonya kila mtu kwa usawa, akiwemo aliyelewa na aliyebeba abiria sitini kwenye basi bovu. Hatuwezi kuchagua nani wa kumsaidia tunapowasha taa.

Na hili ndilo linalonikera zaidi katika mjadala mzima: kinasa, taa na makundi hujibu swali la askari yuko wapi, ilhali swali la dereva ni kwa nini mahali hapa pamewekwa 50. Chukua Ruaha Mbuyuni, kwenye barabara ya kwenda Iringa, kabla ya kupanda Kitonga. Pale vitunguu hupangwa kandokando ya lami, na basi likisimama vijana na akina mama hukimbilia madirishani wakiwa na ndoo na mifuko mikononi, macho yao yakiwa kwa mteja wala si kwa gari linalotoka nyuma ya basi. Mwendo wa 50 ni mita karibu 14 kila sekunde. Ukimpa dereva sekunde moja ya kushtuka na breki nzuri kwenye lami kavu, gari husimama baada ya mita 28 hivi. Kwa mwendo wa 80, sekunde hiyo ya kushtuka peke yake hula mita 22, na gari husimama baada ya mita 57. Maana yake ni kwamba mahali ambapo dereva wa kwanza amekwisha kusimama, wa pili ndiyo kwanza ameanza kushika breki, na gari lake bado linakwenda karibu mwendo wote aliokuja nao. Nguvu ya kugonga nayo hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo kutoka 50 hadi 80 huzidi mara mbili na nusu. Hakuna mlio unaotoka kwenye kioo cha mbele utakaomwambia dereva kwamba kuna kijana nyuma ya basi.

Na anachokiokoa kwa kukimbia ni kidogo mno. Kijiji chenye urefu wa kilomita 3 hupitwa kwa dakika 3 na sekunde 36 kwa mwendo wa 50, na kwa dakika 2 na sekunde 15 kwa mwendo wa 80. Vijiji kumi vya namna hiyo vinampa dereva takriban dakika 13 na nusu, ambazo atazipoteza zote nyuma ya malori mlimani Kitonga.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu hupita katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, sababu ya ukomo ni wanyama, na pale pamewekwa matuta na ubao wa faini kwa kila mnyama atakayegongwa. Twiga hatumi ishara.

Watu wa mabasi wameshavuka mjadala huu. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, inawataka wawe na kifaa cha kufuatilia mwenendo wa basi, kile wanachokiita VTS, ambacho hutuma mwendo wa basi kwenye kituo cha ufuatiliaji safari nzima, na hapo hakuna cha kunasa kwa sababu kipimo kimo ndani ya basi lenyewe. Kwa jirani zetu Rwanda, kamera za barabarani ambazo wenyewe wamezipa jina la Sofia hupiga picha, na mwenye gari hupokea ujumbe wa faini kwenye simu. Madereva wetu wa malori wanaovuka mpaka wa Rusumo wanazijua. Uingereza na nchi nyingine za Ulaya zina kamera zinazosoma namba ya gari mwanzoni na mwishoni mwa kipande cha barabara, kisha zikagawa umbali kwa muda. Kupunguza mwendo mbele ya kamera hizo hakumsaidii mtu, kwa kuwa zinapima wastani. Huko ndiko upimaji unakoelekea, na kinasa rada kinabaki nyuma kila mwaka unaopita.

Ninachopendekeza kwa anayeniuliza ni kifaa cha namna nyingine, na mara nyingi tayari anacho mfukoni. Programu za ramani za simu zinaweza kuonyesha mwendo wako kwa GPS, na baadhi yake hukuruhusu kuweka onyo unapovuka mwendo uliouchagua. Zisitegemewe kujua ukomo wa kila kijiji chetu, maana ramani nyingi hazina taarifa hizo kwa barabara za mikoani. Lakini zitakuonya kwa uaminifu kwamba umevuka 50 uliyoiweka mwenyewe, na hilo linatosha, kwa sababu ninavyoona mimi madereva wengi wanaopigwa tochi vijijini walikuwa kwenye 58 au 63 bila kukusudia, baada ya saa nyingi za mwendo wa juu ambazo huifanya 60 ionekane kama kutembea kwa miguu. Simu ikae kwenye kishikio, sauti iwe imewashwa, na onyo liwekwe kabla ya kuondoka.

Linabaki lile lalamiko la mwanzo, ambalo ni la haki na ambalo kifaa chochote hakiwezi kuliondoa. Ukomo usio na kibao ni dhuluma kwa dereva, na humfundisha kwamba sheria ni mtego. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, na kila mkoa una ofisi ya meneja wake. Ukipita mahali ambapo kibao cha kuanza au cha kumaliza 50 hakipo, simama mahali salama ukishatoka kijijini, andika jina la kijiji na upande uliokuwa ukielekea, na kama una abiria mwombe apige picha ya nguzo iliyobaki au ya majani yaliyofunika kibao. Ipeleke kwenye ofisi ya mkoa huo, na nakala kwa mkuu wa usalama barabarani wa mkoa, kwa sababu askari wake ndio wanaosimama pale na tochi. Nawaomba pia wasomaji wenye orodha zao waziandike hapa chini, njia kwa njia, tukianza na kipande cha Chalinze hadi Segera, ili barua itakayokwenda iwe na vijiji vyote kwa pamoja.