Mkungu wa Mshare Hadi Njiro

Konda aliutazama mkungu wangu pale stendi ya Moshi, akauliza kama nao unalipa nauli. Nikamwambia ni mzigo wa utafiti. Akacheka, akausukuma nyuma ya Coaster, juu yake akabandika madumu mawili ya abiria mwingine. Tulipopita Maji ya Chai, utomvu ulikuwa umeshafika kwenye viatu vya mama wa kiti cha nyuma. Nilimwomba radhi hadi Tengeru.

Mjomba, mwalimu mstaafu wa fizikia anayeishi Njiro, alikuwa amenipigia simu: njoo na kitu chenye potasiamu, nikuonyeshe atomu zikioza, yaani zikigeuka kuwa za elementi nyingine. Mtu wa Moshi akisikia potasiamu anafikiria nini kama si ndizi?

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Sasa mjomba, umeniletea chakula!”

Ndizi moja, akasema, hutoa mioozo kama 15 tu kwa sekunde. Kifaa chake cha kunasa mionzi, fuwele ya iodidi ya sodiamu isiyozidi kopo la soda, kingeambulia kidogo mno. Akaingia stoo, akatoka na mfuko wa mbolea ya potashi ya miparachichi yake. Kilo moja ya ile, mioozo kama 15,000 kila sekunde. Tukanywa chai. Kwenye kompyuta vidoti vikajikusanya taratibu mpaka kikainuka kilima chembamba, penye nishati ya kilo-elektroni-volti 1,460. Nilikikodolea macho kama nimekilima mwenyewe.

Hiyo ndiyo potasiamu-40, aina ya potasiamu inayooza, ambayo nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu ya viini vyake kuoza, ni miaka bilioni 1.25. Katika kila viini 1,000 vinavyooza, kama 896 hutema elektroni na kuwa kalisi. Kama 103 humeza elektroni ya atomu yao wenyewe, hugeuka gesi ya agoni, kisha hutoa mwali wa gama. Kilima chetu kilitoka kwa hao.

“Na mmoja aliyebaki?” nikauliza.

Mjomba akaweka kikombe chini. Huyo, akasema, humeza elektroni akawa agoni moja kwa moja, bila gama yoyote. Anachoacha ni eksirei dhaifu tu. Kwa hiyo ukitaka kumhesabu, unanasa eksirei, halafu unathibitisha kwamba gama haikuja. Gama moja ikikuponyoka umeshadanganyika, kwa kuwa wenye gama ni zaidi ya mia kwa kila mmoja wake. Ndiyo maana kule Oak Ridge, Marekani, watafiti wa mradi wa KDK, waliomtafuta huyo mmoja, walikizungushia chanzo chao fuwele za karibu tani moja. Matokeo yalitoka mwaka 2023: yupo kweli, kama mmoja katika elfu. Kabla ya hapo wenye kupima umri wa miamba walikuwa wakimkadiria tu, au wakimwacha kabisa.

Mchana tulishuka mjini hadi makumbusho ya Boma la Wajerumani. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, liligunduliwa Olduvai mwaka 1959, na mwaka 1961 majivu ya volkano ya pale yakapimwa umri kwa kulinganisha potasiamu yake na agoni iliyotokana nayo: miaka milioni 1.75. Mjomba alisimama mbele ya maelezo ya chimbuko la binadamu, akanong'ona, “Agoni ile ile ya kwenye mfuko wangu.”

Tuliporudi, shangazi alikuwa ameshamenya mshare zilizopondeka.

“Hizi za utafiti zinalika?” akauliza.

Mtori ulikuwa mzito, wenye nyama ya mbavu. Nilikula mabakuli mawili.