Vyombo vya anga havikuundwa vidumu

Mwenye kuunda ndege au chombo cha anga za juu hushindana na uzito kabla ya kushindana na jambo lingine lolote, kwa hiyo huchagua mbao nyembamba, kitambaa chepesi, bati lisilozidi unene unaohitajika, na mpira utakaostahimili safari iliyokusudiwa na si zaidi. Kazi ikiisha, kitu hicho hukabidhiwa makumbusho, na hapo ndipo hutakiwa kudumu karne na karne. Kwa maoni yangu, mvutano huu unastahili kutazamwa kabla hata ya majina ya marubani na rekodi walizoweka, kwa sababu ndio unaoamua ni kipi hasa tunachokiona nyuma ya kioo.

Tuchukue ndege ya Wilbur na Orville Wright, ndugu wawili Wamarekani wanaohesabiwa kuwa wa kwanza kurusha ndege yenye injini. Tarehe 17 Desemba 1903, huko Kill Devil Hills, jimbo la North Carolina, iliruka mara nne, na mruko mrefu kuliko yote ulichukua sekunde 59 na kufika umbali wa mita 260 hivi. Kisha upepo uliipindua na kuivunja, nayo haikuruka tena. Mwaka 1913 mafuriko ya Dayton, mji wa nyumbani kwao, yaliizamisha katika maji na tope ikiwa ndani ya makasha yake. Baadaye ukazuka ugomvi: Taasisi ya Smithsonian, inayosimamia makumbusho ya taifa huko Washington, ilishikilia kwamba ndege ya Samuel Langley, aliyewahi kuwa katibu wake, ndiyo ya kwanza kuwa na uwezo wa kumbeba binadamu angani, na Orville, kwa hasira ambayo mimi naiona ya haki, akaipeleka ndege yake Science Museum ya London mwaka 1928. Smithsonian ilikuja kuikana kauli hiyo mwaka 1942, lakini ndege ilirudi Marekani mwaka 1948, mwaka uleule aliofariki Orville.

Katika misukosuko hiyo yote kitambaa cha mbawa kilibadilishwa, mara moja mwaka 1927 na mara nyingine mwaka 1985. Mgeni anayesimama chini ya ndege hiyo leo anaona fremu ya 1903 iliyovishwa pamba ya 1985. Vipande vya bafta ya asili vilihifadhiwa kando. Kimojawapo kilipelekwa mwezini na Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga huko, mwaka 1969, na kingine kilifungwa kwenye helikopta ndogo ya Ingenuity iliyoruka katika sayari ya Mirihi mwaka 2021. Hivyo kitambaa kilichopelekwa mbali na ndege yake kimesafiri kuliko ndege yenyewe.

Vazi ambalo Armstrong alilivaa mwezini lina tatizo gumu zaidi, kwa kuwa adui yake yumo ndani yake. Lilishonwa na mafundi wa kike wa kampuni iliyojulikana pia kwa nguo za ndani za wanawake, nao walishona tabaka zaidi ya 20 kwa usahihi ambao haukuruhusu pini moja kusahauliwa ndani. Tabaka la mpira linaloshikilia hewa ndilo linalosumbua: mpira huo ukizeeka hukauka, hupasuka na kutoa gesi yenye asidi ambayo hula vitu vilivyo karibu nayo. Vazi lilioneshwa kuanzia 1976, likaondolewa mwaka 2006, na mwaka 2015 umma ulichangia zaidi ya dola 700,000 ili lichunguzwe, lipigwe picha za eksirei, na litengenezewe kasha lenye baridi na unyevu uliodhibitiwa. Lilirudi mbele ya watu tarehe 16 Julai 2019. Hakuna aliyejaribu kulifanya lionekane jipya, nami nashukuru, maana vumbi la mwezi lililojipenyeza katika nyuzi zake lina thamani kuliko weupe wowote.

Chuma nacho hakisalimiki. Roketi tatu za Saturn V, aina iliyowapeleka watu mwezini, zimebaki duniani, na ile ya Houston, ambayo peke yake imeundwa kwa hatua, yaani vipande vya roketi, zilizotengenezwa ili ziruke kweli, ililazwa nje kwa miongo kadhaa kabla ya kujengewa paa. Roketi iliyokusudiwa kuvuka mvutano wa dunia ilikuwa ikiliwa na kutu na kuvu kama trekta lililotelekezwa shambani.

Zamani mafundi wa makumbusho walipenda kukwangua rangi kuukuu na kupaka mpya hadi ndege ing'ae. Msimamo huo umebadilika. Ndege ya kivita iitwayo Flak-Bait, aina ya B-26 Marauder, ilirudi salama kutoka misheni zaidi ya 200 katika Vita vya Pili vya Dunia ikiwa na matundu yaliyozibwa zaidi ya 1,000, na wahifadhi wameamua kuiacha na rangi yake iliyobabuka na viraka vyake vyote. Aliyeipaka upya angekuwa amefuta ushahidi wenyewe.

Jambo hilo lilidhihirika zaidi ndani ya Columbia, chumba cha wanaanga na sehemu pekee ya Apollo 11, chombo kilichompeleka Armstrong mwezini, iliyorudi duniani ikiwa nzima. Kwa miongo mingi mlango wake ulikuwa umezibwa kwa plastiki angavu, na wageni walichungulia tu. Ilipopigwa picha za pande tatu, kazi iliyokamilika mwaka 2016, yalionekana maandishi ambayo watunzaji wenyewe hawakuwa wameyajua: tarakimu zilizoandikwa kwa mkono wakati wa safari, onyo kwamba kasha fulani lina taka zinazonuka, na kalenda ndogo ambayo siku zake zilikatwa moja moja, isipokuwa siku ya kurejea nyumbani. Wanaanga hao watatu walikuwa na karatasi za taratibu kwa kila dakika, lakini ukuta ndio uliobeba maisha yao ya kawaida. Usafi wa kupindukia mwaka 1970, wakati chombo hicho kilipokuwa kikitembezwa mji kwa mji, ungetosha kuyafuta yote. Picha hizo sasa zinapatikana bure mtandaoni, na anayezifungua huingia mahali ambapo hata mgeni aliyefika Washington haruhusiwi kukanyaga.