Nilivyolifikisha gari Dar es Salaam kutoka Mwanza bila kuliendesha safari nzima

Mwanangu alipopata kazi Dar es Salaam nilikata shauri kumpelekea Corolla yangu, na karibu kila niliyemweleza hapa Mwanza alinipa ushauri uleule: tafuta dereva, mpe hela ya mafuta, mwache apakie abiria njiani, gari litafika. Ushauri huo uliniudhi, na unaniudhi hadi leo kila ninaposikia mtu mwingine akipewa. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa njia ya Shinyanga, Singida na Dodoma ni zaidi ya kilomita 1,100, na mtu anayelipwa kwa safari ana kila sababu ya kukimbia usiku kucha ili awahi nyingine. Gari binafsi halina leseni ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, ya kubeba abiria kwa nauli. Likipata ajali likiwa na watu waliolipa, bima ina pa kukwepea, na anayetafutwa ni yule ambaye jina lake limo kwenye kadi ya gari. Mimi nilitaka gari lenyewe lipakiwe juu ya lori.

Dalali mmoja alinihakikishia kwa simu kwamba ana lori la kubebea magari, kwa hiyo nikalipeleka gari Nyakato asubuhi na mapema. Nilichokikuta ni lori la kawaida la bodi, nusu yake limejazwa magunia ya mashudu, limerudishwa kinyumenyume hadi kwenye tuta la udongo. Kati ya tuta na bodi walikuwa wamelaza mbao mbili, na mmoja wa mbao hizo ulikuwa na ufa ambao niliuona nikiwa bado ndani ya gari. Mpango wao ulikuwa gari lipande juu ya mbao hizo, lifungwe kwa kamba za katani zilizopitishwa madirishani na chini ya bampa, kisha matairi yawekewe mawe mbele na nyuma. Nilipouliza mawe hayo yatakaaje mahali pake lori likifunga breki ghafla, utingo alinijibu, “Mama, ondoa wasiwasi, tumeshapeleka mengi hivi hivi.” Nikaomba karatasi ya makabidhiano, hata ukurasa wa daftari wenye sahihi, haikuwapo. Dalali yeye alitaka fedha zote mkononi kabla gari halijagusa mbao. Niliwasha gari nikarudi nyumbani, nao wakaniita hadi nikaingia barabara kuu.

Aliyenionyesha njia ni shemeji yangu, ambaye kwa miaka mingi ameendesha malori ya kwenda Rwanda. Alinieleza kwamba malori hasa ya kubebea magari hupakia Dar es Salaam magari yaliyoshushwa bandarini, huyafikisha Kigali, na mara nyingi hurudi matupu. Yakirudi hayapiti Mwanza. Yanatoka mpakani Rusumo, yanapita Kahama, yanatokea Tinde, ambako barabara ya kutoka Mwanza inaungana na yao, na kuendelea Nzega. Ukimwita dereva wa lori hilo aje Mwanza, unamwongezea karibu kilomita 400 za kwenda na kurudi, na kilomita hizo ndizo zinazopandisha bei tunayotajiwa huku. “Shemeji,” akasema, “lipeleke gari mwenyewe hadi Tinde, mkutane njia panda.” Mwanza nilikuwa nimetajiwa zaidi ya milioni moja, Tinde tulielewana kwa kama nusu yake, sehemu nikilipa hapo hapo na nyingine ikisubiri mwanangu alikague gari.

Nilipofika Tinde, kabla gari halijapakiwa, nilifanya jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alifanye. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nilizipiga picha tarakimu za matairi yote pamoja na la akiba, nikapiga betri, redio, vioo vya pembeni, na dashibodi ikionyesha kilomita na mafuta yaliyobaki robo tangi. Kisha nikalizunguka gari nikirekodi video, dereva akiwa anaonekana amesimama kando yake, na picha zote nikamtumia yeye na mwanangu kwa wakati mmoja.

Ufungaji wa dereva yule ulinifurahisha sana. Alishusha ngazi za chuma za trela, akalipandisha gari polepole, halafu akapitisha mikanda juu ya matairi, bila kugusa bampa wala chasisi, akaikaza kwa kishikio cha chuma cha mikanda hiyo mpaka ukiipiga kwa kidole inalia. Alinieleza kwamba tairi likishikwa sawasawa, bodi inabaki huru kupanda na kushuka juu ya springi zake, lakini ukifunga bodi, kila tuta la barabarani litalegeza mkanda. Nilimkabidhi nakala ya kadi na barua ya kumruhusu kulisafirisha, nikabaki na kadi yenyewe, nikapanda basi la kurudi Nyegezi. Alinipigia akiwa mizani ya Njuki, Singida, na tena alipofika mizani ya Mikese, Morogoro.

Alifika Kibaha usiku akataka kukabidhi saa ileile. Nilimwambia mwanangu asitie sahihi hadi kupambazuke, maana mchubuko hauonekani kwa tochi ya simu. Asubuhi tarakimu zote za matairi zililingana, kilomita zilikuwa zilezile, lakini kifuniko cha kioo cha pembeni cha kulia kilikuwa kimevunjika. Dereva alisema kilitoka hivyo Mwanza. Mwanangu akamfungulia video, yeye mwenyewe akiwa amesimama karibu na kioo hicho kikiwa kizima. Hakubisha tena. Bei ya kifuniko ilikatwa kwenye salio, nami nikatuma fedha iliyobaki kwa simu, na gari likaingia mjini siku hiyo hiyo.

Jirani yangu wa Buhongwa amekwisha kuitumia njia hiyo ya Tinde kupeleka Noah yake. Alitozwa zaidi kuliko mimi, kwa kuwa Noah ni ndefu kwenda juu na si kila nafasi kwenye trela inaitosha, kwa hiyo anayetaka kupeleka gari la aina hiyo ataje kimo chake mapema, kabla ya kuondoka Mwanza.