Nilivyoitambua futi ya kukunja ya babu

Nina futi ya kukunja ya marehemu babu, alikuwa fundi seremala, ya mbao, futi 3, vipande vinne na bawaba za shaba. Nilijua ni ya zamani ila ya lini haswa nikawa sijui, maana uchafu na gundi vimeganda mpaka jina la mtengenezaji halisomeki, na bawaba ya katikati imekwama kabisa.

Mtu akaniambia nipige msasa, nashukuru sikufanya, zile namba zimegongwa juujuu tu, ukisugua zinaondoka na ndo zenyewe tunazozitafuta. Nikachukua pamba yenye tapentaini kidogo, napangusa kipande kimoja kimoja, pamba ikiwa nyeusi nabadilisha, jioni mbili nzima. Bawaba nikaidondoshea mafuta ya cherehani nikaiacha ilale, asubuhi ikafunguka bila kulazimisha.

Pale kwenye bawaba likatokea jina, John Rabone & Sons, Birmingham. Nilifurahi jamani! Hawa walianza 1784, wakaja kuungana na Chesterman wa Sheffield, wale wa futikamba za chuma, mwaka 1963, na baada ya hapo vifaa vikawa vinaandikwa Rabone Chesterman. Yangu haina Chesterman, kwa hiyo naiweka kabla ya hao wawili kuungana, yaani ujana wa babu kabisa.

Nikailaza pembeni ya rula mpya ya chuma, inchi 36 zote zimekaa palepale.